Dada Yangu, Fundi wa Pua Fupi

Mimi na dada yangu damu zetu hazikupatana tangu utotoni, na nalisema hili mapema asije mtu akadhani tulikosana kwa ajili ya mbwa. Mbwa walikuja baadaye. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka tisa, fundi wa magauni ya harusi, mwanamke wa sauti ya chini na maneno ya kukata maini. Mimi ni msaidizi katika kliniki ya mifugo: nawashika wanyama wakidungwa sindano, nachemsha vyombo, nasafisha wanachoacha sakafuni. Akinitambulisha kwa watu husema, "Huyu mdogo wangu, anaosha vidonda vya paka."

Duka lake liko ghorofa ya chini. Nyuma ya duka, kwenye uwazi uliokuwa wa kuanikia nguo, ndiko anakofugia mbwa wake. Ni mbwa wa pua fupi, wale wenye uso uliobonyea, mikunjo ya ngozi na macho yaliyotoka nje. Amewapa majina ya kazi yake: Zipu ndiye dume, na majike wawili, Lesi na Pindo, ni ndugu wa tumbo moja. Ukiingia asubuhi kabla cherehani hazijaanza kuunguruma, unawasikia. Wateja hucheka wakidhani mbwa wamelala wanakoroma. Hawajalala. Wako macho, wamesimama kwa miguu minne, wanatafuta hewa.

Alianza kwa bahati mbaya. Mteja mmoja uchumba wake ulivunjika gauni likiwa tayari, na mtoto wa mbwa aliyekuwa zawadi ya mchumba hakutaka hata kumwona, akamtelekeza dukani. Dada hakuwa mtu wa wanyama hata kidogo. Lakini alimkalisha yule mbwa juu ya meza ya kukatia, akavua tepu shingoni, akampima kichwa, kifua na urefu wa pua. Kisha akaandika vipimo kwenye daftari la wateja. Nilikuwepo. Nilijua tumekwisha.

Akajiunga na chama cha wafugaji wa mbwa wa nasaba, ambako hadi leo wanamwita Madam Tepu kwa kuwa haivui shingoni hata akienda kwenye mkutano. Katika maonyesho, jaji huwapitia mbwa ulingoni akiwalinganisha na kitabu cha chama, ambacho kinaeleza kila aina inavyotakiwa kuwa. Kwa aina yao kitabu kinasema pua iwe fupi. Watu wengine husoma hapo wakaelewa kwamba kuna fupi ya kutosha. Dada alisoma kama anavyosoma oda ya bibi harusi. Mteja kasema kifupi, basi atakayekata kifupi zaidi ndiye fundi.

Kila kizazi akapunguza kidogo. Alipompata Zipu, dume ambaye pua yake ilikuwa kama imefutwa kwa kifutio, akampandisha kwa majike wote, kisha kwa binti zake, kisha kwa mjukuu. Kwenye karatasi ya ukoo wa Pindo jina la Zipu limeandikwa mara tatu. Watu wana mti wa ukoo, Pindo ana nguzo ya umeme.

Tatizo la mbwa hawa si gumu kulielewa, na dada yangu si mjinga. Mfupa wa uso unafupika, lakini ulimi haufupiki, wala ile nyama laini ya nyuma ya kaakaa. Vyote vinabaki na ukubwa uleule, vimeshindiliwa kwenye mdomo wa nusu kipimo, vinaziba njia ya hewa. Siku moja nilimweleza kwa lugha ya kazi yake. Nikamwambia, "Dada, umepunguza kitambaa cha juu, bitana umeiacha vilevile."

Alikuwa ana pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake.

"Bitana haionekani ulingoni," akasema.

Nilimchukia siku hiyo kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu.

Kulikuwa na mzee mmoja kwenye chama, fundi bomba, aliyefuga aina hiyohiyo kwa njia yake. Hakupandisha jike kabla hajampima moyo, magoti na pumzi. Mbwa mwenye kasoro alimweka nyumbani kama mbwa wa kubembeleza, hakumzalisha. Mbwa wake walikuwa na pua. Si pua ndefu, ila pua ya kuonekana, na waliweza kupanda ngazi za ukumbi bila kubebwa. Kila mwaka majaji walimpa nafasi ya mwisho, naye kila mwaka alirudi. Aliwahi kumfuata dada yangu nikiwa nimesimama hapo hapo.

"Madam, chukua dume langu, nakupa bure. Mpandishe kwa huyo Pindo. Hata sinki likiziba tunalizibua, sembuse kiumbe."

"Mzee wangu," dada akamjibu kwa upole uleule anaowapakia wateja, "wako ni mbwa wa kulinda ghala. Mungu akuzidishie."

Sasa niwaeleze Lesi na Pindo, maana hao ndio kisa chenyewe. Lesi alizidiwa akiwa na mwaka mmoja. Alipanda kizingiti tu cha mlango akaanguka, ufizi ukawa rangi ya samawati. Dada hakumleta kliniki kwetu, ambako jalada lingebaki. Tulimsafirisha kwa treni hadi mji mwingine, mimi nimempakata njia nzima, na huko daktari akampanua matundu ya pua na kukata ile nyama ya kaakaa. Tangu siku hiyo Lesi anapumua kama mbwa. Lakini sheria ya chama inasema mbwa aliyepasuliwa namna hiyo haruhusiwi ulingoni wala kuzalishwa, kwa sababu kisu cha daktari kinamtengeneza yeye, watoto wake watarithi kilekile kilichokatwa. Kwa hiyo Lesi akawekwa kwenye mto, na habari zake hazikusemwa kwa mtu.

Pindo yeye hakupasuliwa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na uso wa kushinda kikombe. Na Pindo ndiye aliyehitaji kisu kuliko Lesi. Hakuweza kulala ubavu. Alilala ameketi, kidevu juu ya ukingo wa kikapu, meno yameshika rili tupu ya uzi ili mdomo usifunge. Alijifunza mwenyewe hilo la rili, hakufundishwa na mtu. Dada aliwaonyesha wateja akisema, "Tazameni anavyopenda kazi ya mama yake."

Kila nilipomwona na ile rili nilitamani kumchukua nikimbie naye. Sikumchukua.

Pindo alikuwa na vyeti viwili vya jaji. Kwa cheti cha tatu angetangazwa bingwa, na watoto wa bingwa huagizwa kabla hawajatungwa mimba. Bado cheti kimoja tu, chama kikaleta sheria mpya, na naamini yule fundi bomba ndiye aliyeipigania hadi ikapita. Mbwa yeyote wa pua fupi anayetaka cheti lazima kwanza atembezwe dakika tatu mbele ya daktari. Daktari anasikiliza koo lake kabla na baada ya matembezi, kisha anampa alama. Sifuri ni pumzi safi, tatu ni hatari. Mwenye mbili au tatu haingii ulingoni na hazalishwi. Daktari aliyeteuliwa alikuwa mkuu wetu wa kliniki, na msaidizi wake, wa kusoma chipu shingoni mwa kila mbwa, kile kidude chenye nambari yake kilichopandikizwa chini ya ngozi, na kuandika nambari hiyo kwenye fomu, ni mimi.

Dada alikuja nyumbani kwa mama wiki mbili kabla ya maonyesho. Haji siku za kazi, kwa hiyo nilijua ana lake. Mama alikuwa kitandani anakunja nguo, mimi nampokea.

"Mdogo wangu, siku ile wewe ndiye mwenye mashine ya chipu?"

"Ndiyo."

"Basi nitamleta Lesi atembee. Akishatembea, Pindo anaingia ulingoni."

Nilidhani anatania. Hatanii dada yangu.

"Pindo ana doa jeupe kifuani, Lesi hana," nikamwambia. "Daktari amemzalisha Pindo mara moja, doa analijua."

"Chaki ninayo." Alimaanisha ile chaki bapa ya kuchorea vitambaa. "Mashine ikisoma nambari ya Lesi, wewe unaandika ya Pindo. Itakuwa mbele yako kwenye karatasi ya maombi. Ni kuinakili tu."

"Unajua Pindo akitembea dakika tatu atafanya nini?"

"Ndiyo maana hatembei."

"Na akishabeba mimba?"

"Watoto watatolewa kwa upasuaji kama mara ile. Si mtakuwepo nyinyi?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia na mengine, ya miaka, ya vidonda vya paka, ya bitana. Hakupandisha sauti. Alimgeukia mama tu, na mama akaweka chini shuka aliyokuwa anaikunja.

"Mwanangu," mama akaniambia mimi, "dada yako aliacha shule ili wewe usome. Vidole vyake vimetobolewa kwa ajili yako. Usimwaibishe mbele za watu kwa sababu ya mbwa."

Hapo ndipo anaponiweza kila mara. Hasemi yeye, anamwachia mama aseme. Niliinuka nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa visafi.

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa michezo, mazulia ya plastiki yametandikwa sakafuni, meza yetu karibu na mlango. Fundi bomba alileta mbwa wake watatu, wote wakapata sifuri, akasimama pembeni anatabasamu peke yake. Kisha dada akaingia na Lesi. Doa la chaki lilikuwa zuri mno, lina kingo, doa la kushonwa. Nilipitisha mashine shingoni. Nambari ya Lesi ikatokea kwenye kioo. Nilimtazama dada, naye akanitazama bila wasiwasi wowote, kama mtu anayesubiri chenji yake.

Nikaiandika nambari ya Pindo. Nikaweka saini kwenye mstari wa msoma chipu.

Lesi alitembea dakika tatu mkia juu. Daktari alimsikiliza koo, akainua nyusi, akasema amefurahi, hakutegemea. Akaandika sifuri. Dada akamshukuru kwa kuinama kidogo. Niliona vidole vya daktari vina weupe wa chaki, akavipangusa kwenye koti bila kuviangalia.

Pindo alikuwa amefichwa chumba cha kubadilishia nguo, amelazwa juu ya taulo zilizolowekwa maji ya barafu. Alibebwa hadi ukingoni mwa ulingo, akawekwa chini, akatembezwa hatua ishirini. Jaji alimpapasa uso. Ncha ya ulimi wake ilikuwa imeanza kubadilika rangi, na jaji, Mungu amsamehe, akamsifu kwa ulimi mpana. Pindo akawa bingwa. Watu wakapiga makofi. Fundi bomba naye alipiga, kisha akaja mezani kwetu akaomba kuona fomu. Akaisoma, akanirudishia.

"Sifuri," akasema. "Basi mimi ndiye sijui mbwa."

Alikuwa mzee mwenye haya, akarudi kwa mbwa wake. Mwaka uliofuata hakuleta mbwa.

Pindo alipandishwa mwezi huohuo, na Zipu, baba yake ambaye pia ni babu yake. Mimba ilimwelemea. Nilipita dukani kila nikitoka kazini, nikimsugua miguu, na dada akaniacha nifanye hivyo, tukiongea mambo ya mama na mvua. Mara moja tu nilimwambia, "Siku ya upasuaji mwambie daktari ukweli." Akasema, "Daktari wetu anamjua Pindo, ataangalia mwenyewe." Nikajiridhisha na hilo. Ni kweli alikuwa anamjua.

Wakati ulipotimia, daktari mkuu alikuwa safarini, na nafasi yake ilishikwa na daktari mgeni, binti wa miaka kama thelathini, mtulivu, anayesoma jalada la mgonjwa neno kwa neno kabla ya kugusa kitu. Nilimpenda kwa hilo. Alisoma jalada la Pindo asubuhi ile dada akiwa amesimama hapo, akapita uzazi wa kwanza ulioandikwa tarehe na idadi ya watoto tu, akafika kwenye fomu ya chama.

"Pumzi sifuri, kumbe mkoromo huu ni uzito wa mimba tu," akasema. "Kwa mbwa wa uso huu, hongera mama. Ni wachache."

"Ahsante, daktari," dada akasema. Akaenda kuketi kwenye chumba cha kusubiria.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Watoto watano, wakubwa wa vichwa, nikawa nawapokea mmoja mmoja, kuwafuta, kuwasugua kwa taulo hadi walie. Ndiyo kazi yangu. Pindo alikuwa amelala chali, mpira wa hewa umepita mdomoni hadi kooni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa anapumua bila sauti. Niligundua kwamba chumba kilikuwa kimya. Nilisimama na mtoto wa nne mkononi nikausikiliza ukimya ule.

Daktari alimaliza kushona, akapunguza dawa ya usingizi. Pindo akatikisa sikio. Kwa mbwa wa pua fupi mpira hautolewi hapo. Unaachwa hadi mbwa mwenyewe ainue kichwa na kuutafuna, maana ukitoka yeye bado mlegevu, ulimi na kaakaa vinarudi nyuma vinaziba kila kitu. Lakini mwenye sifuri anaweza kutolewa mapema kidogo, asije akauuma mpira akajiumiza. Daktari akafungua utepe ulioushikilia.

"Daktari," nikasema, "tungoje kidogo."

"Kwa nini?" Hakuuliza kwa dharau. Mkono wake ulisimama palepale. "Kuna kitu umekiona?"

Nilikuwa na jibu kamili mdomoni, lingechukua pumzi moja kulisema. Nikaiona saini yangu. Nikamwona mama na shuka yake.

"Hapana," nikasema. "Nimezoea tu."

Akautoa.

Pindo alivuta hewa mara moja, ikakwama. Akavuta tena, kifua kikabonyea badala ya kujaa. Daktari alikuwa mwepesi, alirudisha mkono na mpira papo hapo, lakini koo lilikuwa limevimba, hapakuwa na tundu. Alijaribu na mpira mwembamba. Alichukua kisu kufungua shingo kwa mbele, akafungua, tukampulizia hewa, nikaubana moyo wake kwa mikono yangu miwili nikihesabu kwa sauti. Nilihesabu hadi daktari akanishika kifundo cha mkono. Watoto wote watano walikuwa wanalia kwenye beseni lao.

Tulitoka pamoja kumwambia dada. Hakulia. Alisimama, akanyoosha sketi yake, akaomba aone jalada. Daktari akamletea. Dada akafunua hadi kwenye fomu ya chama, akaweka kidole juu yake, kidole kile kilichotobolewa na sindano, na akazungumza na daktari kana kwamba mimi simo chumbani.

"Hapa pameandikwa sifuri. Mbwa mwenye sifuri hafi kwa kukosa pumzi. Nimekuletea mbwa mzima, bingwa, umenitolea maiti. Nitaandika barua kwa mwajiri wako na kwa baraza lenu. Mtu kama wewe hafai kushika kisu."

Daktari hakujitetea. Alisema, "Huenda nilifanya haraka. Samahani, mama. Huenda kweli nilifanya haraka." Aliamini. Angeubeba mzigo huo maisha yake yote, na dada yangu alikuwa tayari kumtwika, anamtazama machoni bila kupepesa.

"Aliyetembea hakuwa Pindo," nikasema.

Dada akageuka. "Mdogo wangu, funga mdomo."

"Alikuwa Lesi, aliyepasuliwa pua na kaakaa. Alichorwa doa kwa chaki. Nambari niliisoma mimi, nikaandika nyingine. Hiyo ni saini yangu."

"Mama akisikia haya—" dada akaanza.

"Nitamwambia mwenyewe."

Nilitegemea daktari amgeukie dada. Miaka yote nilikuwa nangoja siku mtu atakapomgeukia dada yangu, ajibiwe, aone aibu mbele za watu, nami niwepo nione. Dada aliushika mkoba wake, na kwa mara ya kwanza nilimwona hajui aweke wapi mikono. Lakini daktari hakumwangalia hata kidogo. Aliniangalia mimi.

"Nilipokuuliza kwa nini tungoje," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akatikisa kichwa polepole, akarudi chumba cha upasuaji, akafunga mlango nyuma yake akabaki humo na watoto wa Pindo, na mimi nikabaki upande huu, pamoja na dada yangu.